Asili ya Mshtakiwa: Historia ya Mgeni katika Habari za Uhalifu

Katika habari fupi za polisi zinazochapishwa kila siku magazetini, kuna desturi iliyozoeleka kiasi kwamba wasomaji wachache huitambua: mshtakiwa akiwa mtu wa kuja, nchi yake au kabila lake hutajwa mara tu baada ya jina lake, na akiwa mwenyeji, asili yake haitajwi kabisa, kwa kuwa huchukuliwa kwamba msomaji amekwisha kuijua. Desturi hii ina umri wake, ina mahali ilipolelewa, na ina sababu ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwa chuki. Picha ya mgeni kama mhalifu ilitokana na namna habari zilivyotafutwa, zilivyolipiwa na zilivyopangwa ukurasani, zaidi ya ilivyotokana na maoni ya wahariri, na ndiyo maana iliweza kustawi hata katika magazeti yaliyoongozwa na watu wasiokuwa na uadui na wageni, na hata katika yale yaliyoanzishwa na wageni wenyewe.

Malezi yake ya awali yalikuwa London. Katika miaka ya 1820 mwandishi John Wight wa gazeti la Morning Herald alikuwa akihudhuria mahakama ya Bow Street, ambako mahakimu walisikiliza mashauri madogo ya ulevi, ugomvi na udokozi, kisha akayageuza mashauri hayo kuwa visa vya kuchekesha, ambavyo mwaka 1824 vilikusanywa katika kitabu kilichochorwa picha na George Cruikshank. Miongoni mwa wahusika wa kudumu wa visa hivyo alikuwa kibarua kutoka Ayalandi, ambaye lafudhi yake iliandikwa kama ilivyosikika ili msomaji apate kucheka. Habari za namna hii hazikumgharimu mwenye gazeti kitu kikubwa, maana mshtakiwa, mlalamikaji, shahidi na hakimu walikusanyika wote katika chumba kimoja asubuhi moja, na maskini aliyechekwa gazetini hakuwa na wakili wa kumtetea wala, mara nyingi, uwezo wa kusoma alichoandikiwa.

Desturi hiyo ilivuka Atlantiki mwaka 1833, wakati Benjamin Day, mpiga chapa kijana wa New York, alipotoa nakala ya kwanza ya gazeti la The Sun tarehe 3 Septemba na kuliuza kwa senti moja, huku magazeti makubwa ya mji huo yakiuzwa kwa senti sita na kusomwa na wafanyabiashara waliotaka kujua bei za bidhaa na safari za meli. Gazeti la senti moja halikuweza kuishi kwa wasomaji wachache wenye fedha, bali kwa wengi wenye vipato vidogo, na wengi hao walitaka kusoma habari za mtaani kwao. Day alimwajiri George Wisner, mpiga chapa mwenzake aliyekosa kazi, kwa ujira wa dola 4 kwa wiki, ili aamke kabla ya mapambazuko na kuandika yaliyojiri katika mahakama ya polisi. Inafaa kukumbukwa kwamba Wisner alikuwa mpinzani wa utumwa, aliyejitahidi kupenyeza msimamo wake huo katika gazeti, kwa hiyo si rahisi kumhesabu miongoni mwa watu wa chuki; hata hivyo safu yake ndiyo iliyowazoeza wasomaji wa Marekani kukutana kila asubuhi na orodha ya walevi na wagomvi ambao wengi wao walitambulishwa kwa nchi walizotoka. James Gordon Bennett, aliyeanzisha New York Herald mwaka 1835 na kuzifanya habari za mauaji kuwa biashara kubwa kuliko mtu yeyote kabla yake, alikuwa mwenyewe mhamiaji kutoka Uskoti.

Njaa iliyoanza Ayalandi mwaka 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi ambavyo wakulima wadogo walivitegemea kwa karibu chakula chao chote, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuihama nchi. Sensa ya jimbo la New York ya mwaka 1855 iliwakuta wazaliwa wa nje kuwa zaidi kidogo ya nusu ya wakazi wa mji wa New York, na Waayalandi peke yao walikuwa zaidi ya robo. Kwa hesabu ya kawaida tu, kitabu cha polisi katika mji wa namna hiyo kilikuwa lazima kijae majina ya wageni, hata kama wageni hao wasingekuwa wakorofi kuliko wengine. Isitoshe, hesabu yenyewe ilikuwa na mtego ambao magazeti hayakuueleza. Watu wanaohama huwa kwa wingi vijana, na hasa wanaume, na katika jamii zote zinazojulikana ni vijana wa kiume ndio wanaokamatwa zaidi. Kwa hiyo mtu anayelinganisha wageni na wenyeji wote kwa jumla, wakiwamo watoto wachanga na vikongwe, hulinganisha umri akidhani analinganisha asili. Tena makosa mengi yaliyowafikisha Waayalandi mbele ya hakimu yalikuwa ulevi na vurugu za hadharani, yaani makosa ya mtu ambaye chumba chake ni kidogo mno kumwezesha kulewa akiwa nyumbani.

Katuni ziliongeza chumvi. Thomas Nast wa jarida la Harper's Weekly alizoea kumchora Myalandi akiwa na sura ya nyani na chupa mkononi, na mchoraji huyo naye alikuwa amezaliwa Landau, Ujerumani, akafikishwa New York akiwa mtoto.

Lakini kisa kinachoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi habari ya uhalifu inavyoweza kugeuka kuwa uhalifu ni kile cha New Orleans. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kukomeshwa kwa utumwa, wenye mashamba ya miwa ya Louisiana walitafuta vibarua wapya na kuwapata Sisilia, na sehemu ya vibarua hao walihamia mjini na kushika biashara ya matunda na kazi za bandarini. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa mji huo, David Hennessy, alipigwa risasi akielekea nyumbani kwake, akafariki siku iliyofuata. Hakumtaja muuaji kwa jina. Mwenzake mmoja ndiye aliyesema kwamba Hennessy alipoulizwa alinong'ona tusi lililotumiwa dhidi ya Waitaliano, na ushahidi huo wa neno moja, lililosikiwa na mtu mmoja, ukatosha kuelekeza upelelezi wote upande mmoja. Meya Joseph Shakspeare aliamuru Waitaliano wakamatwe, na magazeti ya mji yakaanza kuwafahamisha wasomaji juu ya jumuiya ya siri iitwayo mafia, jina ambalo kabla ya hapo Wamarekani wengi hawakulijua, na ambalo tangu wakati huo halijawahi kutengana na Waitaliano katika fikra za watu wengi. Hennessy mwenyewe alitokana na ukoo wa Kiayalandi. Kwa muda wa miongo minne Waayalandi walikuwa wamehama kutoka kizimba cha washtakiwa kwenda katika sare ya polisi, na nafasi waliyoiacha katika habari za mahakama ikajazwa na wengine, bila umbo la habari lenyewe kubadilika.

Watu 19 walishtakiwa, na 9 kati yao wakafikishwa kwanza mbele ya baraza la mahakama, ambalo katika sheria ya Marekani ni kundi la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Tarehe 13 Machi 1891 baraza hilo liliwaona 6 hawana hatia, na halikuweza kukubaliana juu ya 3 waliobaki. Asubuhi iliyofuata magazeti ya New Orleans yalichapisha tangazo lililotiwa saini na watu mashuhuri wa mji, likiwaalika raia wema wakutane kwenye sanamu ya Henry Clay ili wachukue hatua za kurekebisha kile walichokiita kushindwa kwa haki, na likiwataka waje wakiwa tayari kwa vitendo. Maelfu walikuja. Wakili William Parkerson aliwahutubia, kisha umati ukaandamana hadi gerezani, kikosi chenye silaha kikavunja mlango na kuwaua Waitaliano 11, ambao 5 kati yao walikuwa hawajapata kusikilizwa na mahakama yoyote. Wengine wa kikosi hicho walikuja kushika nyadhifa za juu, akiwamo gavana mmoja wa baadaye wa Louisiana. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kilichoandikwa baada ya mauaji kinastahili kuangaliwa kuliko hata kilichoandikwa kabla yake. Gazeti la The New York Times, lililokuwa mbali na New Orleans na lisilo na hasira ya mkuu wa polisi aliyeuawa, lilichapisha maoni yaliyowaeleza Wasisilia kuwa wazao wa majambazi na wauaji walioingiza nchini tamaa za kihalifu za nchi yao, na magazeti mengine makubwa, huku yakisikitikia kuvunjwa kwa sheria, yalieleza kitendo hicho kuwa kinafahamika. Hapa desturi ya kutaja asili ilikuwa imefika mwisho wa njia yake ya kimantiki: mtu aliyeondolewa hatia na mahakama alibaki na hatia kwa msomaji, maana kilichokuwa kimethibitishwa gazetini kwa miezi mitano ni mahali alikozaliwa, na hilo hakuna baraza lingeweza kulitengua. Serikali ya Italia ilimwita nyumbani mwakilishi wake, na mwaka 1892 Marekani ikalipa fidia ya dola zipatazo 25,000. Mji wa New Orleans uliomba radhi rasmi kupitia meya wake mwaka 2019.

Namna habari za polisi zilivyotengenezwa siku hadi siku inajulikana vizuri zaidi kutokana na waandishi wawili waliofanya kazi katika barabara ya Mulberry, mjini New York, mahali palipokuwa na makao makuu ya polisi na, ng'ambo ya pili ya barabara, ofisi ndogo za waandishi wa magazeti. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark ambaye katika miaka yake ya mwanzo Marekani aliwahi kulala kwenye mabweni ya vituo vya polisi kwa kukosa makazi, alianza kazi hapo mwaka 1877, na kitabu chake cha mwaka 1890 juu ya maisha ya maskini wa mji huo kilipanga sura nyingi kwa mataifa, hii ya Waitaliano, ile ya Wachina, nyingine ya Wayahudi. Riis aliwaonea huruma watu hao na kupigania makazi bora kwa ajili yao, lakini mpangilio wa kitabu ulikuwa ni mpangilio wa mwandishi wa polisi, aliyezoea kumjua mtu kwa taifa lake kabla ya kumjua kwa jambo jingine lolote.

Mwenzake kijana, Lincoln Steffens, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1931 jinsi wao wawili walivyotengeneza wimbi la uhalifu. Steffens alisikia kwa wapelelezi habari ya wizi uliofanyika katika nyumba ya tajiri, akaichapisha. Mhariri wa Riis akamuuliza kwa nini yeye hakuipata, Riis akatafuta wizi mwingine. Waandishi wa magazeti mengine, nao wakisukumwa na wahariri wao, wakaanza kuchimbua kila tukio ambalo siku za kawaida lingebaki katika mafaili, na muda si mrefu New York nzima ikaamini kwamba imevamiwa na wezi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya polisi, alipogundua chanzo cha balaa hilo aliwaita waandishi wote wawili na kuwataka waache, na wimbi likatulia. Kumbukumbu za mtu wa makamo kama Steffens, aliyependa hadithi nzuri, hazikosi kutiwa nakshi, lakini kiini cha maelezo yake hakijapingwa: idadi ya matukio ilikuwa ileile, na kilichopanda na kushuka kilikuwa idadi ya habari. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa suala la wageni, kwa sababu mwandishi anayelazimika kuleta tukio kila siku atachota mahali polisi wanapochota, na polisi wa mji huo walichota katika mitaa ya wageni.

Habari za Kundi la Mkono Mweusi, jina lililopewa wahalifu waliotuma barua za vitisho wakidai fedha, zilitawala kurasa za miaka ya 1900 bila kusisitiza kwamba waliotumiwa barua hizo, waliolipuliwa maduka na waliotekewa watoto walikuwa karibu wote Waitaliano. Hata Joseph Petrosino, mpelelezi maarufu aliyeongoza kikosi cha polisi cha kupambana na kundi hilo, alizaliwa Italia, na aliuawa Palermo tarehe 12 Machi 1909 akiwa katika safari ambayo ilipaswa kuwa ya siri lakini ilikuwa imekwisha kuandikwa katika magazeti ya New York.

Mkuu aliyemtuma, Theodore Bingham, alikuwa miezi michache kabla amechapisha katika jarida la North American Review la Septemba 1908 makala juu ya wahalifu wa kigeni, akidai kwamba Wayahudi, waliokuwa karibu robo ya wakazi wa mji, huenda walikuwa nusu ya wahalifu wake. Safari hii mambo yalikwenda tofauti, na sababu yake ni kwamba wageni waliotajwa walikuwa na magazeti yao. Magazeti ya Kiyidi, yaani lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yaliyosomwa na maelfu katika upande wa mashariki wa kisiwa cha Manhattan, yaliidai ithibati, takwimu za mahakama zikatolewa kuonyesha sehemu ndogo zaidi ya hiyo, na kabla ya mwezi huo kwisha Bingham aliyafuta maneno yake, akisema tarakimu alipewa na wengine. Kutokana na vuguvugu hilo Wayahudi wa New York walianzisha mwaka 1909 baraza lao la jumuiya. Waitaliano wa New Orleans hawakuwa na sauti ya namna hiyo mwaka 1891, na Waayalandi wa Bow Street hawakuwa nayo kabisa.

Serikali ya Marekani nayo ilihesabu, na si mara moja. Tume iliyoongozwa na Seneta William Dillingham ilitoa mwaka 1911 juzuu nzima juu ya uhamiaji na uhalifu, ikakiri kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuridhisha kuwa uhamiaji umeongeza uhalifu kupita ongezeko la watu wazima. Tume hiyohiyo, kwa sababu nyingine, ilipendekeza milango ifungwe, na sheria za 1921 na 1924 zikaifunga kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1931 tume ya George Wickersham ilitoa ripoti nyingine, iliyosimamiwa kwa sehemu kubwa na mtaalamu wa ustawi wa jamii Edith Abbott, ambayo ilionyesha kwamba, kwa kulinganisha na idadi yao, wazaliwa wa nje walipatikana na hatia mara chache kuliko weupe waliozaliwa Marekani. Ripoti hiyo ilikuwa ya kumi katika mfululizo ambao wasomaji walikuwa wakiungojea kwa ajili ya jambo jingine, yaani marufuku ya pombe, na ilitoka katika mwaka ambao Al Capone, aliyezaliwa Brooklyn na kwa hiyo akahesabika katika takwimu kuwa mzaliwa wa nchi, alihukumiwa huku kila gazeti likimjua kuwa Mwitaliano. Ripoti ya tume husomwa siku moja kisha hurudi rafuni. Habari kutoka kituo cha polisi hurudi kesho asubuhi, na kesho kutwa, na kwa ushindani wa namna hiyo haikuwa ajabu kwamba tarakimu zilishindwa.

Wakati huohuo jina lilikuwa likibadilika tena. Mtikisiko wa uchumi uliwafanya Wameksiko kuwa wageni wasiotakiwa wa magharibi ya Marekani, na miaka 12 baadaye, Juni 1943, mabaharia na askari waliingia katika mitaa ya Los Angeles wakiwapiga na kuwavua nguo vijana wenye asili ya Meksiko, ambao wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa, kwa kuwa walivaa suti pana zilizokuwa mtindo wa wakati huo. Wanasosholojia Ralph Turner na Samuel Surace walichapisha mwaka 1956 uchunguzi wa namna Los Angeles Times lilivyowataja Wameksiko katika miaka kumi iliyotangulia vurugu hizo, wakitarajia kuona lugha ikizidi kuwa kali, na wakakuta jambo lisilotarajiwa: jina la Wameksiko halikuzidi kuchafuliwa, bali lilianza kutajwa kwa uchache, na mahali pake pakaingia jina la wavaa suti pana, lililotumiwa kwa habari za uhalifu tu na kuwa halina upande wa pili wa kupendeza. Kwa maneno mengine, gazeti linaweza kuacha kutaja asili na bado likapata alama nyingine ya kuielezea, nguo, mtaa au mtindo wa nywele, mradi msomaji aelewe ni nani anayesemwa.

Uingereza ilitoa mfano wa namna hiyohiyo mwaka 1972, magazeti yake yalipoanza kuuita unyang'anyi wa mitaani kwa jina lililoletwa kutoka Marekani, pamoja na picha zote za miji ya Marekani na watu wake weusi. Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, na wenzake wanne wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilichunguza suala hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, wakaonyesha kwamba sheria haikuwa na kosa lenye jina hilo, hivyo hakukuwa na takwimu zake, na kwamba unyang'anyi kwa jumla ulikuwa umeongezeka kwa kasi zaidi kati ya 1955 na 1965 kuliko katika miaka iliyofuata, ambayo ndiyo iliyozua taharuki. Waandishi hao walieleza pia kwamba polisi, majaji na mawaziri ndio wenye kauli ya kwanza katika habari za uhalifu, na mwingine yeyote anayeitwa kutoa maoni hulazimika kujibu ndani ya mipaka waliyokwisha kuichora. Maelezo hayo yamekuwa mashuhuri katika vyuo vikuu, lakini ukweli ni kwamba Steffens na Riis wangeyatambua mara moja, maana waliishi ng'ambo ya barabara kutoka kwa hao wenye kauli ya kwanza.

Afrika Mashariki iliipokea desturi hii ikiwa imepinduliwa. Gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, na baada ya kuuzwa kwa Waingereza likawa East African Standard, likahamia Nairobi mwaka 1910 na kuwa sauti kuu ya walowezi, huku gazeti dada la Tanganyika Standard likianza Dar es Salaam mwaka 1930. Wenye magazeti na wasomaji wake walikuwa watu wa kuja, na aliyeandikwa kama mgeni hatari mjini alikuwa Mwafrika aliyetoka kijijini. Sheria ziliwaruhusu watawala kumrudisha kwao mtu asiye na kazi, na jina la mhuni, ambalo katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 lilimfunika kijana yeyote asiye na ajira wala kodi, lilifanya kazi ileile iliyofanywa na jina la Myalandi huko New York. Uhuru haukulizika jina hilo, kwani Operesheni Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata watu wa aina hiyohiyo.

Mpakani mambo yalichukua sura inayofanana zaidi na ya Marekani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, na ujambazi wa kutumia silaha uliokuja kuzikumba barabara za Kagera na Kigoma ulihusishwa na kambi za wakimbizi, wakati mwingine kwa haki, kwa kuwa bunduki zilivuka mpaka pamoja na watu. Lakini kufikia mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipoanza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wahamiaji haramu na majambazi walikuwa wamekwisha kutajwa katika sentensi moja, katika taarifa za serikali na kisha katika habari zilizozinukuu, hivyo kwamba mkulima aliyeishi Karagwe kwa miongo kadhaa bila hati alifukuzwa chini ya jina la operesheni iliyosemekana kuwa ya kusaka silaha. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa uraia, wakiwamo Wakenya waliozaliwa mtaani humo.

Jitihada za kuidhibiti desturi yenyewe zimefanywa hasa na mabaraza ya habari, na Ujerumani ndiko zilikopimwa kwa ukali zaidi. Kanuni za Baraza la Habari la nchi hiyo zilikataza kutaja kabila, dini au uraia wa mshtakiwa isipokuwa pale asili hiyo inapohusiana na kosa. Baada ya mashambulizi dhidi ya wanawake katika mkesha wa mwaka mpya wa 2016 mjini Köln, ambako vyombo vya habari vililaumiwa kwa kuchelewa kusema kwamba watuhumiwa wengi walitoka Afrika Kaskazini, kanuni hiyo ilibishaniwa vikali, na mwaka 2017 Baraza lilibadili maneno yake, likiruhusu asili itajwe pale penye maslahi ya umma yenye sababu za msingi, na kuonya kwamba udadisi mtupu si maslahi ya umma. Gazeti la Sächsische Zeitung la Dresden halikungojea marekebisho hayo. Mwezi Julai 2016 lilitangaza kwamba kuanzia hapo litataja asili ya watuhumiwa wote, Wajerumani pamoja na wageni, kwa kuwa wahariri wake walikuwa wamegundua kwamba wasomaji, wanapokuta habari isiyotaja asili, hudhani wenyewe kwamba aliyefichwa ni mgeni. Wapo waliolilaumu kwa kuivunja kanuni, na lawama hiyo ilikuwa na msingi wake, lakini uamuzi huo ulifanya kitu ambacho safu za mahakama hazikuwa na mazoea nacho tangu siku za Wisner, yaani kumweka mwenyeji katika habari ya wizi kwa jina la taifa lake.